Chupa Iliyochanwa: Kwa Nini Riwaya za Jinai Zinawapenda Madaktari wa Enzi ya Victoria

Jumatatu ya tarehe 26 Novemba 1855, katika mji mdogo wa Rugeley, Uingereza, watu walijibana ndani ya chumba kimoja cha nyumba ya wageni kuipasua maiti. Marehemu aliitwa John Parsons Cook, kijana mpenda mbio za farasi. Alikuwa amefariki siku tano nyuma, mwili umekakamaa na mgongo umepinda kama upinde. Aliyeshika kisu alikuwa mwanafunzi wa udaktari. Msaidizi wake alikuwa kijana aliyemfanyia kazi mpasuaji mmoja wa mji ule. Na aliyesimama karibu yao, akiangalia kila kinachotolewa tumboni, alikuwa Bwana William Palmer, rafiki wa marehemu, mtu aliyemuuguza mpaka dakika ya mwisho, na ambaye baba wa kambo wa marehemu alikuwa ameshaanza kumshuku.

Tumbo lilipokuwa likitolewa, Palmer akamsukuma yule mwanafunzi, na sehemu ya kilichokuwamo ikamwagika. Kilichobaki kikatiwa ndani ya chupa, ikafunikwa kwa ngozi za kibofu cha mnyama, ikafungwa kwa uzi na kupigwa lakiri. Punde si punde, chupa haionekani. Ikaja kukutwa upande wa pili wa chumba, karibu na mlango, mfuniko wake umechanwa mara mbili kwa kisu. Palmer akasema ameiweka pale ili iwe rahisi kuichukua. Baadaye akamwendea mwendesha gari la farasi na kumpa ahadi ya paundi 10 endapo gari lenye ile chupa litapinduka njiani.

Mtu akiandika hivi katika riwaya leo, msomaji atasema mwandishi amezidisha chumvi. Mshukiwa gani anaruhusiwa kusimama mezani pale anapopasuliwa mtu anayedaiwa kumuua? Lakini haya si ya riwaya, ni ushahidi uliotolewa mahakamani. Palmer alikuwa pale kwa sababu hakukuwa na kanuni ya kumtoa. Alikuwa mtu wa tiba, na chumba kile kilikuwa cha watu wa tiba.

Nimeanza na Palmer kwa sababu wasomaji wengi wa hadithi za upelelezi huzisoma riwaya zilizotungwa kuhusu London au Edinburgh ya karne ya 19 kama vile wanavyotazama filamu ya vita ya Kichina: mavazi mazuri, ukungu, taa za gesi, damu, na mantiki tunaiacha mlangoni. Ninadai kwamba mantiki ipo, tena ni kali sana. Ufunguo wake ni mwaka. Malkia Victoria alitawala kuanzia 1837 hadi 1901, miaka 63 na ushei, na ndani ya muda huo tiba ilibadilika kiasi kwamba jinai iliyowezekana 1840 isingewezekana 1875, na hila iliyomnasa muuaji 1890 haikuwapo 1855. Mtunzi hodari wa aina hii ya riwaya hutafuta pengo, yaani jambo ambalo daktari wa mwaka ule hakuweza kulithibitisha au sheria ya mwaka ule haikulikataza, kisha anampitisha muuaji wake hapo hapo.

Tuanze na maiti, maana ndipo watunzi wengi huanzia na ndipo wengi hukosea.

Kabla ya Victoria, chuo cha tiba kilihitaji maiti za kufundishia, na sheria ya 1752 iliruhusu kutumia miili ya wauaji walionyongwa. Walionyongwa walikuwa wachache na wanafunzi wakazidi kuongezeka. Pengo lile likazibwa na wafukuaji wa makaburi. Hapa pana kipengele cha sheria ambacho ukikijua, unaanza kuzisoma hadithi hizi kwa jicho jingine: maiti haikuwa mali ya mtu. Kisichokuwa mali hakiibwi. Aliyefukua maiti akakamatwa alikuwa na kosa dogo, faini au kifungo kifupi. Lakini akichukua na sanda, huo ni wizi wa mali, na wizi wa mali ulikuwa na adhabu nzito. Kwa hiyo wafukuaji stadi walimvua marehemu pale pale kaburini, wakairudisha sanda ndani ya jeneza, wakafukia udongo vizuri na kuondoka na mwili mtupu ndani ya gunia. Mtunzi akikuonyesha kaburi limefukuliwa na sanda haipo, ama mwizi wake ni mgeni wa kazi, ama mtunzi hakusoma.

Kisa cha Burke na Hare kinatokana na hesabu hiyo hiyo. Novemba 1827, mzee mmoja aitwaye Donald alifariki katika nyumba ya kulala wageni ya William Hare, mtaa wa West Port, Edinburgh, akiwa anadaiwa kodi ya paundi 4. Hare na rafiki yake William Burke wakajaza jeneza magome ya miti, na mwili wakaupeleka Surgeons' Square kwa Dakta Robert Knox, mwalimu wa anatomia aliyekuwa akijaza ukumbi wa wanafunzi. Wakalipwa paundi 7 na shilingi 10. Deni limelipika na chenji imebaki. Hakuna aliyeuliza swali. Wakagundua kwamba anayesubiri mtu afe kwa ugonjwa anapoteza muda, na mwaka uliofuata wakaua watu 16: wageni, walevi, wanawake wasio na jamaa karibu, na kijana aliyejulikana na mji mzima kwa jina la Jamie. Walikuwa wanawalewesha, kisha wanawaziba pumzi, mmoja amewalalia kifuani. Njia ile haikuacha alama, na ndiyo maana mwili ulipofika mezani kwa Knox ulionekana safi.

Mwisho wake unajulikana. Hare akageuka shahidi wa serikali na kuachiwa. Burke akanyongwa tarehe 28 Januari 1829, mwili wake ukapasuliwa hadharani mbele ya wanafunzi, na mifupa yake mpaka leo imesimama katika makumbusho ya anatomia ya Chuo Kikuu cha Edinburgh. Knox hakushtakiwa kamwe. Mnunuzi aliyelipa maiti 16 zenye joto bado, bila kuuliza, aliendelea kuwa bwana mkubwa japo mji ulimzomea na kuchoma sanamu yake. Ni huyu Knox, kuliko wale wauaji wawili, anayerudi tena na tena katika riwaya chini ya majina mengine: msomi asiyeua, asiyetuma mtu aue, ila anayelipa taslimu.

Aliyekulia Mombasa, Tanga au Dar es Salaam akasikia habari hizi, mara moja atasema: mumiani. Nasi tumewahi kutishwa utotoni kwamba kuna watu wanaokamata wapita njia usiku na kuwatoa damu ya kutengenezea dawa, na kwamba hospitali inajua. Tofauti ni kwamba mumiani wetu hakuwahi kukamatwa na gunia, wa Edinburgh alikamatwa. Wanakijiji wa Uskoti waliokuwa wakilinda makaburi usiku kwa zamu, na familia zilizoweka vizimba vya chuma juu ya makaburi ya wapendwa wao, hawakuwa washamba wanaoamini uvumi.

London ilipata kisa chake 1831. Wanaume wawili, Bishop na Williams, wakapeleka maiti ya mvulana chuo cha King's College wakiomba gini 12 (gini moja ni paundi 1 na shilingi 1), wakashushwa hadi 9. Mwalimu wa anatomia, Richard Partridge, akaona mwili ule hauna dalili ya kuwahi kuzikwa. Akawaambia hana chenji, ana noti ya paundi 50 tu, wasubiri aivunje. Walipokuwa wanasubiri, polisi wakaingia. Waliponyongwa Desemba mwaka ule, Bunge halikuwa na ubishi tena, na 1832 ikapita Sheria ya Anatomia: vyuo vitapewa maiti zisizodaiwa na mtu, hasa kutoka nyumba za kazi, yale makazi ya maskini waliokosa pa kwenda.

Sasa angalia tarehe. 1832. Victoria alikuwa msichana wa miaka 13, hajaikaribia taji. Maana yake biashara ya kufukua makaburi ilikuwa imeshakufa alipoanza kutawala, kwa sababu bei ya maiti iliporomoka. Riwaya inayokuwekea wafukuaji na majembe yao katika London ya 1870 imechanganya babu na mjukuu. Kilichoendelea kuishi enzi ya Victoria ni hadithi zake: Robert Louis Stevenson, mwana wa Edinburgh, alichapisha kisa chake kifupi cha wezi wa maiti 1884, nusu karne baada ya Burke kunyongwa, na wasomaji bado walisisimka.

Lakini uhalifu wa maiti haukuisha. Ulihama kutoka makaburini kwenda ofisini. Baada ya 1832 swali likawa karatasi: nani anaidai maiti hii? Mwaka 1858, msimamizi wa nyumba ya kazi ya Newington, kusini mwa London, jina lake Feist, alishtakiwa kwa mchezo huu: jamaa wa marehemu wanaitwa mazikoni, wanaona jeneza, wanalia, wanaondoka, kumbe mwili wa ndugu yao unapelekwa hospitali ya Guy's kupasuliwa, naye anajipatia chake. Alitiwa hatiani. Kisha majaji wa juu wakaifuta hukumu, kwa sababu kisheria wale jamaa hawakuwa wametamka kwamba hawataki mwili upasuliwe. Wangetamkaje jambo wasilojua linafanyika? Kwangu mimi kisa cha Feist kina riwaya kubwa kuliko magunia yote ya West Port. Hakuna aliyeuawa, kuna karani na mhuri, na mama anayeweka maua juu ya kaburi la mtu asiyemjua.

Tukija kwenye sumu, mwaka unakuwa muhimu maradufu.

Aseniki ilikuwa sumu ya kila nyumba. Ilikuwa ya kuulia panya, ilikuwa rangi ya kijani ya karatasi za ukutani, ilikuwa dawa ya ngozi. Ni unga mweupe unaofanana na sukari, na anayelishwa anatapika na kuhara kama mwenye kipindupindu, ugonjwa uliokuwa ukiipitia Uingereza mara kwa mara miaka ile. Daktari wa mtaa aliyeitwa kitandani angeandika kipindupindu au tumbo, akachukua ada yake akaenda. Tena mpaka 1874 cheti cha daktari kuhusu sababu ya kifo hakikuwa cha lazima. Tangu 1837 vifo viliandikishwa, lakini jamaa aliweza kwenda kwa msajili na kueleza kwa mdomo mgonjwa alikufa kwa nini. Muuaji angeweza kuwa ndiye anayetoa maelezo. Mtunzi anayeweka kisa chake 1850 ana uhuru ambao mwenzake wa 1880 hana.

Mwaka 1836 mkemia James Marsh alichapisha kipimo chake. Kabla ya hapo alikuwa ametoa ushahidi katika kesi ya mzee aliyelishwa sumu kwenye kahawa. Aseniki aliiona kabisa, lakini sampuli yake ilikuwa imeharibika kufikia siku ya kuwaonyesha wazee wa baraza, nao wakamwachia mshtakiwa. Marsh akaudhika, akarudi maabara na kubuni njia ambayo aseniki, hata kidogo sana, inageuzwa gesi na kuacha doa jeusi linalong'aa kama kioo juu ya kipande cha kigae. Doa lile unaweza kulishika mkononi. Hakimu analiona, mwandishi wa gazeti analiona. Mwaka 1851 sheria ikaja kudai muuza dawa aweke daftari la wanunuzi wa aseniki, na unga wenyewe uchanganywe masizi au nili ili usifanane na sukari. Daftari lile limekuwa zawadi kwa watunzi: karibu kila riwaya ina mpelelezi anayepekua kurasa zake na kukuta saini ya uongo. Hata hivyo sheria haikuzuia ujinga. Mwaka 1858 huko Bradford watu wapatao 20 walikufa kwa peremende, baada ya aseniki kuuzwa kimakosa badala ya unga wa bei rahisi uliokuwa ukichanganywa kwenye sukari.

Je, sayansi ikishapata kipimo, mambo si yamekwisha? Hapana, na hapa ndipo riwaya nzuri hutengana na za kawaida. Rudi kwa Palmer. Chupa iliyochanwa ilifika London kwa Alfred Swaine Taylor, mtaalamu wa sumu aliyeheshimiwa kuliko wote. Taylor akatafuta strikinini, sumu inayokakamaza misuli mpaka mtu anapinda kama mwenye pepopunda. Hakuipata. Alipata antimoni, sumu nyingine, kidogo tu. Kesi ya Mei 1856, iliyohamishiwa London kwa sheria maalumu kwa kuhofiwa upendeleo au chuki nyumbani kwa Palmer, ilichukua siku 12, na wataalamu walivutana mbele ya watu: wengine wakisema sumu isiyopatikana haikuwapo, wengine wakisema mgongo wa Cook unatosha kuwa shahidi. Palmer alinyongwa Stafford tarehe 14 Juni 1856 kwa sumu ambayo hakuna aliyeiona.

Miaka mitatu baadaye Taylor huyo huyo alipima sampuli katika kesi ya Dakta Thomas Smethurst, aliyeshtakiwa kumuua mwanamke aliyeishi naye kama mke. Aseniki hii hapa, akasema. Baadaye ikabainika kwamba aseniki ile ilitoka ndani ya shaba aliyotumia yeye mwenyewe kupimia. Smethurst, aliyekuwa ameshahukumiwa kifo, akasamehewa, halafu akafungwa kwa kosa la kuoa wake wawili. Kesi mbili, mtaalamu mmoja: ya kwanza hakukuta sumu na mtu akanyongwa, ya pili alikuta sumu na mtu akaokoka. Ukiona mtunzi wa siku hizi amemweka mkemia wa karne ya 19 anayetikisa chupa na kutangaza ukweli kama nabii, mtunzi huyo amekwepa sehemu tamu kuliko zote.

Klorofomu, dawa ya kumlaza mgonjwa asisikie maumivu, nayo ina deni lake. Daktari James Young Simpson aliijaribu nyumbani kwake Queen Street, Edinburgh, jioni ya tarehe 4 Novemba 1847, yeye na wenzake wawili, baada ya chakula. Wakavuta, wakachangamka, wakaanguka chini ya meza. Wiki chache baadaye dawa ilikuwa imesambaa, na Januari 1848 msichana wa miaka 15, Hannah Greener, akafa akitolewa ukucha wa kidole cha mguu. Ganzi ile ilipendwa na kuogopwa kwa wakati mmoja. Magazeti yakajaa habari za watu walioibiwa baada ya kuwekewa kitambaa puani, na riwaya zimeendelea na kitambaa hicho mpaka leo: mtu anazibwa pua, anahesabu mpaka tatu, chali.

Haiwezekani, na aliyesema haiwezekani alikuwa John Snow, mtu aliyemvutisha klorofomu Malkia Victoria mwenyewe wakati wa uzazi wa 1853. Snow alijua vipimo kuliko yeyote. Klorofomu huchukua dakika kadhaa kumlaza mtu mzima, na asiyetaka atapiga kelele, atatapatapa, atashikilia pumzi. Anayetaka kuiba, kumpiga mtu rungu ni haraka zaidi. Hoja ya Snow haikuwazuia wabunge, nao 1851 wakaweka adhabu kali kwa anayetumia klorofomu kutenda kosa. Sheria ikatungwa dhidi ya hofu.

Kuna kisa kimoja ambacho hakuna mtunzi aliyewahi kukishinda. Siku ya kwanza ya 1886, Edwin Bartlett, mfanyabiashara wa vyakula mtaa wa Pimlico, London, alikutwa amekufa kitandani, na tumboni mwake kuna klorofomu ya maji. Klorofomu ya maji inachoma. Mtu akiimeza kwa hiari, au akimiminiwa, koo lake litakuwa na majeraha. Koo la Edwin lilikuwa salama. Mkewe Adelaide alishtakiwa, na wazee wa baraza wakashindwa kuelewa ingefikaje tumboni bila kupita kooni, wakamwachia. Inasemekana Sir James Paget, mpasuaji maarufu, alisema kwamba sasa kwa kuwa ameachiwa, kwa faida ya sayansi angetueleza alivyofanya. Adelaide hakueleza.

Kuna mlango mwingine ambao hauhitaji maiti wala sumu. Kumfungia mtu mwenye ndugu na fedha katika hospitali binafsi ya vichaa, sheria ya 1845 ilidai ombi la jamaa na vyeti vya madaktari wawili waliomwona mgonjwa kila mmoja kwa wakati wake. Basi. Hakuna hakimu. Mume anayetaka mali ya mke, au ndugu anayetaka urithi, alihitaji saini mbili. Mpaka 1890 ndipo amri ya hakimu ikawa lazima. Riwaya nyingi za mwanamke aliyefungiwa huku ana akili timamu zimejengwa ndani ya miaka hiyo 45, na zikivuka 1890 bila kumtaja hakimu, zinavuja.

Nani hasa alikuwa daktari? Palmer nimemwita Bwana makusudi. Uingereza ya wakati ule wapasuaji waliitwa Bwana, na tabibu wa dawa za ndani, aliyesoma chuo kikuu na asiyetia mikono damuni, ndiye aliyeitwa Dakta. Chini yao alikuwapo muuza dawa mwenye leseni ya kutibu. Hawa watatu walidharauliana vibaya, na dharau hiyo ni kuni za riwaya. Daftari moja la taifa la wanaoruhusiwa kutibu lilianzishwa kwa sheria ya 1858. Kabla yake, tapeli mwenye kofia ndefu na begi la ngozi alihitaji ujasiri tu. Wanawake walikuwa nje kabisa ya ukumbi. Tarehe 18 Novemba 1870 wanafunzi wa kike wa Edinburgh walipokwenda kufanya mtihani wa anatomia walizuiwa na kundi la wanaume waliowarushia matope, na kondoo akasukumizwa ndani ya chumba cha mtihani. Mtunzi anayemfanya mhusika wake mkuu kuwa mwanamke anayejua anatomia lazima amlipie gharama hiyo. Akiingia mochwari 1865 na kila mtu akamwamkia kwa heshima, hiyo ni ndoto ya leo.

Edinburgh hiyo hiyo ndiyo iliyotupa upande wa pili wa sarafu, daktari anayefichua. Katika miaka ya mwisho ya 1870, Arthur Conan Doyle alikuwa mwanafunzi pale, na mpasuaji Joseph Bell alimchagua awe karani wake wa kupanga wagonjwa wa nje. Doyle alisimulia siku moja alipoingia mtu asiyewahi kuonekana, na Bell, kabla hajamuuliza lolote, akamwambia: ulikuwa jeshini, umeacha juzi tu, kikosi cha Waskoti, ulikuwa na cheo kidogo, ulikaa Barbados. Yote kweli. Bell akawageukia wanafunzi. Mtu huyu ana adabu lakini hakuvua kofia, na jeshini hawavui. Angekuwa ameacha zamani angeshazoea desturi za raia. Ana sura ya kuamrisha na ni Mskoti dhahiri. Na Barbados? Anaumwa matende, na matende si ugonjwa wa Uingereza.

Msomaji wa Pemba au Lamu anaweza kucheka hapo. Kwetu matende hayahitaji mpelelezi. Lakini katika ukumbi ule wa baridi, kujua ugonjwa gani unatoka wapi ilikuwa sawa na kujua ramani ya himaya. Bell akawa kiolezo cha Sherlock Holmes, mpelelezi wa hadithi za Doyle aliyetokea 1887, na Holmes naye akavuka bahari: Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, na kiko chake, na Najum asiyeacha kushangaa, wana ukoo unaofika mpaka kitanda cha mgonjwa wa nje huko Edinburgh. Tofauti nzuri ya Bwana Msa ni kwamba yeye anasoma watu wa mtaa wake. Bell alisoma miili.

Hata hivyo Bell asingeweza kusoma kila kitu, na kuna jambo moja linaloangusha riwaya nyingi za aina hii. Ni damu. Mpelelezi anakuta doa kwenye kikwapa cha koti, daktari anaweka kipande chini ya darubini, anainua kichwa: ni ya binadamu. Hakuna daktari wa Victoria aliyeweza kusema hivyo kwa uhakika. Darubini iliweza kutenga damu ya kuku na ya mnyama anyonyeshaye, kwa umbo la chembe zake. Zaidi ya hapo ilikuwa kukisia. Kipimo cha kutenganisha damu ya mtu na ya mnyama mwingine kilitangazwa na Mjerumani Paul Uhlenhuth Februari 1901. Malkia Victoria alikuwa amefariki tarehe 22 Januari mwaka huo. Mchinja nyama wa Whitechapel, mtaa wa London uliotikiswa na mauaji ya wanawake mwaka 1888, akisimamishwa usiku wa mwaka ule, aproni yake imelowa, aliweza kusema ni ya kondoo, akapanda zake kitandani, na mji mzima wenye madaktari wote wale usingekuwa na la kumjibu.